Pembe, Merikani na Karafuu: Unguja katika Biashara ya Mali kwa Mali

Kiembe Samaki inajulikana zaidi kwa uwanja wa ndege. Abiria hushuka na masanduku yao, wafanyabiashara waliorudi kutoka Dubai au Guangzhou hulipia ushuru mizigo yao, na karibu kila kinachopita hapo, ukikifuatilia bei yake hadi mwanzo, unaikuta dola. Lakini teremka kidogo kuelekea pwani ufike Mbweni. Hapo John Kirk, balozi wa Uingereza, alikuwa na nyumba na bustani ya miti, na hapo misheni ya Waanglikana iliwapa makazi watu waliotolewa utumwani kuanzia miaka ya 1870. Jirani yake ni Chukwani, alikojenga kasri Sayyid Barghash. Balozi, mateka na mfalme: wote watatu waliletwa au walilishwa na biashara moja, ambayo kwa sehemu kubwa ililipwa kwa bidhaa.

Shuleni tulifundishwa kwamba watu walianza kubadilishana vitu, kisha wakaivumbua fedha, na mabadilishano yakaisha. Historia ya Unguja haikwenda hivyo. Visiwa hivi vilikuwa na sarafu karibu miaka elfu moja iliyopita, na bado mali kwa mali iliendelea hadi enzi ya televisheni. Wafanyabiashara wetu waliijua fedha vizuri. Kila zama walikuwa na sababu yao ya kulipana kwa vitu, na kila zama kulikuwa na mtu aliyeshika kipimo: aliyeamua nguo ngapi ni sawa na pembe moja. Huyo ndiye wa kumfuata katika habari hii.

Kabla ya 1500: mwenyeji na mgeni wake

Maandishi ya kale zaidi yanayoieleza biashara ya pwani hii ni mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, unaoitwa Periplus ya Bahari ya Eritrea. Unataja bandari ya Rhapta na kisiwa cha Menouthias, ambacho wataalamu wamekihusisha na Unguja, Pemba au Mafia. Meli zilileta mikuki, mashoka, visu na vitu vya kioo. Zikaondoka na pembe za ndovu, pembe za vifaru na magamba ya kasa. Mwandishi anaongeza jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko orodha yote: katika baadhi ya sehemu wageni walikuja na divai na ngano zisizokuwa za kuuzwa, bali za kuwakirimu wenyeji ili wakubalike. Mgeni aliulipia urafiki kabla ya kuilipia pembe.

Kusini mwa kisiwa chetu, Unguja Ukuu, wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta ushahidi wa bandari iliyochangamka tangu karne ya 6 au ya 7: vigae vya vyombo kutoka Uajemi na China, shanga za kioo, na nafaka zilizovuka bahari. Mwaka 916 msafiri al-Masudi alisafiri kati ya Oman na Qanbalu, mji ambao wengi huuweka Pemba. Anaandika kwamba pembe za nchi ya Zanj zilipelekwa Oman, na kutoka huko zikaenda India na China. Njia ndefu kiasi hicho haikuhitaji sarafu moja inayokubaliwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Ilihitaji watu wanaoaminiana katika kila kituo.

Na sarafu zilikuwepo. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu huko Pemba, ilipatikana hazina ya zaidi ya sarafu 2,000 ndogo za fedha, nyingi zikiwa na majina ya watawala wa hapa hapa pwani wa karibu karne ya 10 na 11. Kwa hiyo aliyelipwa shanga kwa pembe yake hakulipwa hivyo kwa kuwa hajapata kuiona sarafu. Sarafu ndogo ya Mtambwe ilifaa sokoni nyumbani. Baharini, kilichofaa ni kile ambacho upande wa pili ulikitaka.

Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta utaratibu ulioyalinda mabadilishano hayo. Jahazi likitia nanga, vijana wa mjini walilipanda wakiwa na chakula, na kila mmoja akamchagua mfanyabiashara wa kuwa mgeni wake. Tangu hapo mwenyeji ndiye aliyemuuzia mgeni wake bidhaa na kumnunulia. Atakayenunua kwake kwa bei ya kumpunja, au bila mwenyeji kuwepo, biashara hiyo ilihesabiwa kuwa batili. Katika zama hizo kipimo kilishikwa na mwenyeji.

Wareno waliuvunja mpangilio huo kwa mizinga. Mwaka 1503 Ruy Lourenço Ravasco aliishambulia Unguja na kuilazimisha ilipe kodi kila mwaka. Hilo lilikuwa tozo la mwenye bunduki, na sitalihesabu kuwa ni biashara.

1833: mkataba wa Maskati na nguo za Salem

Zama za pili zinaanza kwa hati. Tarehe 21 Septemba 1833, mjini Maskati, Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, alitia saini mkataba wa urafiki na biashara na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts. Ushuru uliwekwa asilimia 5 ya bidhaa zinazoshushwa. Wamarekani walikwishaanza kuja Unguja kabla ya hapo, wengi wao kutoka mji mdogo wa bandari wa Salem, Massachusetts. Mwaka 1837 Richard Waters alifika kama balozi wao wa kwanza. Alikuwa balozi na mfanyabiashara kwa wakati mmoja, na alifanya kazi bega kwa bega na Jairam Shivji, tajiri wa Kihindi aliyeikodi forodha ya Sultani.

Bidhaa yao kubwa ilikuwa kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kizito na cha kudumu, kilichofumwa katika viwanda vya kwao. Hapa kiliitwa merikani, na jina hilo bado liko madukani. Walichokitaka kilikuwa pembe za ndovu, ngozi, karafuu, na sandarusi, ule utomvu mgumu unaochimbwa ardhini pwani ya bara na kutengenezewa vanishi. Pembe ziliishia zaidi Connecticut, kwenye viwanda vya vitana na vibonyezo vya piano. Sebule nyingi za Marekani zilizonunua piano zilikuwa na kipande cha ndovu wa huku kwetu.

Mwaka 1840 Sayyid Said alijaribu kulifuata soko kwa chombo chake mwenyewe. Meli yake al-Sultanah, chini ya Ahmad bin Naaman, iliingia New York tarehe 30 Aprili. Ilikuwa imepakia Maskati magunia 1,300 ya tende, pamoja na mazulia na kahawa, na Unguja pembe 108, sandarusi, karafuu na ngozi 1,000. Ilirudi na mabando ya merikani, shanga nyekundu, bunduki na baruti. Ukiiangalia shehena ya kurudi utaona kwamba haikuwa ya matumizi ya kasri peke yake. Hivyo ndivyo vitu vilivyohitajika bara ili kupata pembe nyingine. Mfalme alikuwa ananunua mtaji.

Fedha ilikuwepo pia: reale ya Austria yenye sura ya Maria Theresa. Mahesabu ya matajiri wa Unguja yaliandikwa kwa reale, na mara nyingi deni lililoandikwa kwa reale lililipwa kwa pembe au sandarusi. Reale ilikuwa adimu, ililazimika kuagizwa kutoka nje, na ilihama kwenda India kwa wepesi. Nahodha wa Salem aliyekuja na reale alikuja na kitu alichokinunua kwao kwa gharama. Aliyekuja na merikani alikuja na kitu kilichotoka kiwanda cha jirani yake. Kwake hesabu ilikuwa nyepesi.

Doti, khete na hongo: nguo inapokuwa fedha

Merikani ikivuka kwenda Bagamoyo iliacha kuwa kitambaa tu. Kuanzia hapo hadi Ujiji na Buganda ilikuwa ndiyo malipo. Shuka moja ilikuwa mikono minne, shuka mbili zikafanya doti. Mkono hupimwa kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, na mikono ya watu hailingani, kwa hiyo kila biashara ilianza na mabishano ya nani apime. Shanga zilihesabiwa kwa khete, na khete kumi zilifanya fundo. Waya mnene wa shaba, masango, ulikwenda kwa uzani. Pembe zilipimwa kwa frasila, karibu kilo 16.

Msafara ulipopita nchi ya chifu ulilipa hongo kwa nguo. Ulipolala ulinunua mtama kwa shanga. Na kila nchi ilikuwa na shanga yake. Richard Burton, aliyepita huko miaka ya 1857 hadi 1859, aliandika kwamba aina za shanga zilizojulikana sokoni zilikaribia 400. Nyekundu zilizoitwa samisami zilipendwa karibu kila mahali, lakini nyingine zilikubaliwa kijiji kimoja na kukataliwa cha pili. Msafara uliobeba shanga zisizotakiwa ungeweza kulala njaa katikati ya mashamba ya mtama. Henry Morton Stanley alipofika Unguja Januari 1871, kazi yake ya kwanza haikuwa kutafuta bunduki. Aliwauliza Waarabu waliozoea safari ni nguo gani na shanga zipi za kubeba, kisha akanunua aina 11 za shanga, zikajaza magunia 22. Hapo mtu wa Unyamwezi au Ugogo alikuwa na nguvu yake: yeye ndiye aliyeiambia Venice, zilikotengenezwa shanga nyingi, ipike rangi gani.

Nguvu hiyo ilikuwa na mpaka, na profesa Abdul Sheriff ameueleza vizuri katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu watumwa, viungo na pembe. Katika karne ya 19 bei ya pembe duniani ilizidi kupanda, kwa kuwa Ulaya na Marekani zilizitaka zaidi. Bei ya nguo za viwandani haikupanda nayo, na mara nyingi ilishuka. Frasila moja ya pembe ikanunua nguo nyingi zaidi mwaka hata mwaka. Tofauti hiyo ilikusanywa zaidi na waliokaa katikati: Sultani kwa ushuru, na matajiri wa Mji Mkongwe kwa mikopo.

Mikopo ndiyo iliyokuwa injini yenyewe. Mtu kama Hamed bin Muhammed el Murjebi, tunayemjua kama Tippu Tip, hakuondoka Unguja na mifuko ya reale. Aliondoka na bidhaa alizokopeshwa na matajiri kama Taria Topan, akae bara miaka mitatu, minne au zaidi, kisha alipe kwa pembe. Bei ya nguo aliyokopeshwa ilikwishajumlisha faida ya kungoja. Aliyekopesha ndiye aliyeandika daftari, na aliyeandika daftari ndiye aliyejua nguo ile ilikuwa na thamani gani siku ilipotoka ghalani. Mwenyeji wa zama za Ibn Battuta alikuwa amempisha mwenye daftari.

Na waliolipia mwishoni ni wale ambao hawakuwa na daftari wala mizani. Ndovu waliisha karibu na pwani, misafara ikasogea mbali zaidi, na bunduki zilizoletwa kama bidhaa zikawa chombo cha kuzipatia bidhaa nyingine. Watu walikamatwa, wakapewa bei kwa doti na bunduki kama pembe ilivyopewa, wakashushwa Unguja na kuuzwa Mkunazini. Hili tuliseme bila kulifunika: nguo ile ile iliyolipia tani za pembe ililipia pia wanadamu. Soko hilo lilifungwa baada ya mkataba wa Juni 1873 alioutia saini Sayyid Barghash kwa kushinikizwa na Kirk. Baadhi ya waliotolewa katika majahazi yaliyokamatwa ndio walioanzisha maisha mapya Mbweni, na kanisa la Mtakatifu Yohana lililojengwa huko mwaka 1882 bado limesimama.

Simbi za Hamburg

Kuna tawi moja la biashara hii ambalo halisimuliwi vya kutosha. Katikati ya karne ya 19 makampuni ya Hamburg, kwanza la Hertz kisha la O'Swald, yaligundua kwamba simbi zinazookotwa kwenye fukwe za Afrika Mashariki zilikubaliwa kama fedha Afrika Magharibi. Simbi za Maldivi ndizo zilizokuwa zikitumika huko kwa karne nyingi, na zilikuwa ghali. Za kwetu zilikuwa kubwa zaidi na rahisi mno. Wakazi wa pwani walizikusanya maji yalipokupwa na kuziuza kwa kipimo cha nafaka, meli za Wajerumani zikazibeba kwa maelfu ya tani hadi Lagos na Whydah, na huko zikanunua mafuta ya mawese yaliyokwenda Ulaya kutengenezwa sabuni na mishumaa.

Matokeo yake yalikuwa mabaya kwa waliozipokea. Fedha inayoweza kuokotwa ufukweni na kujazwa melini haiwezi kubaki na thamani. Kwa miongo michache simbi zilishuka thamani mno, na akiba za familia za Afrika Magharibi zikayeyuka. Muokotaji wa simbi wa huku hakujua kwamba kazi yake ilikuwa inamfukarisha mtu asiyemwona, upande wa pili wa bara. Mjerumani aliyekuwa katikati alizijua bei zote mbili, na hilo ndilo lililomtajirisha.

1861 hadi 1936: merikani yapungua, rupia yatawala

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikausha pamba, na merikani ikaadimika Unguja. Nguo za Uingereza na baadaye za viwanda vya Bombay zikajaza nafasi hiyo. Ingawa Wamarekani walirudi, hawakurudi na nguvu zile. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyokuwa ghala la karafuu. Mwaka 1890 visiwa vikawa chini ya ulinzi wa Uingereza.

Serikali ya kikoloni ilitaka kodi, mishahara na ushuru vilipwe kwa fedha. Rupia ya India ndiyo iliyozunguka. Mwaka 1908 serikali ya Zanzibar ilitoa noti zake za rupia, na mwaka 1936 shilingi ya Afrika Mashariki ikazipokea zote kazi. Unaweza kudhani mali kwa mali ilikufa hapo. Mjini, kwenye vitabu vya benki, ndiyo. Bandarini, hapana.

Msimu wa kaskazi

Kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi, kaskazi ilileta majahazi kutoka Ghuba, Oman, Hadhramaut na India. Yalikuja na tende, chumvi, papa mkavu, samli, mazulia na masanduku ya njumu. Kusi ilipoanza kuvuma, Aprili na kuendelea, yaligeuka na boriti, nazi na karafuu. Mwaka 1938 hadi 1939 mwandishi na baharia wa Australia, Alan Villiers, alipanda chombo cha Kuwait cha nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi. Alifika nacho Unguja, kisha akaenda hadi delta ya Rufiji kupakia boriti za mikoko.

Boriti hizo zinastahili neno la ziada. Kuwait na miji mingi ya Ghuba haina miti ya kuezekea. Nyumba zao ziliwekewa dari kwa mikoko ya Rufiji na Lamu, na kwa kuwa boriti haiwi ndefu zaidi ya mti wenyewe, upana wa vyumba vyao ulifuata urefu wa mkoko wetu, kama vile upana wa vyumba vya Mji Mkongwe ulivyofuata. Sisi nasi tulifuturu kwa tende zao. Mabadilishano haya yalijenga nyumba za pande mbili za bahari.

Villiers anaeleza pia kwamba mabaharia walikuwa na biashara zao ndogo ndani ya biashara kubwa: kila mmoja na sanduku lake, akinunua huku na kuuza kule. Wengi walilipwa kwa sehemu ya mapato ya safari, si kwa mshahara. Hapa, kwa maoni yangu, ndipo mali kwa mali ilipokaribia zaidi kuwa ya haki katika historia yetu. Nahodha alirudi bandari zile zile mwaka hata mwaka, akakaa miezi, akaoa au akawa na jamaa, na mtu atakayerudi mwakani hapunji ovyo. Mafuta ya Ghuba, meli za chuma, na msukosuko wa mwaka 1964 ndivyo vilivyoimaliza misimu hiyo mikubwa.

1964 hadi 1976: reli iliyolipiwa kwa bidhaa za dukani

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 Zanzibar iligeukia nchi za kisoshalisti. Ujerumani Mashariki ilijenga nyumba za Kikwajuni na kijiji cha Bambi, na wapangaji wake wakachora mpango wa Ng'ambo mpya, ambao matunda yake ni majumba marefu ya Michenzani. China ilitoa mkopo usio na riba mwaka huo huo. Fedha za nchi hizo hazikubadilishika nje ya mipaka yao. Kwa kawaida walifanya biashara kwa daftari la pande mbili: huyu anaandikiwa alichopeleka, yule alichopeleka, na tofauti inalipwa kwa bidhaa zaidi. Mfumo uliokuwa wa Taria Topan ulirudi, safari hii madaftari yakiwa wizarani.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni reli ya TAZARA. Mkataba kati ya Tanzania, Zambia na China ulitiwa saini Beijing, Septemba 1967, baada ya nchi za Magharibi na Benki ya Dunia kukataa kuifadhili reli hiyo. Mkopo haukuwa na riba na ungelipwa kwa miaka 30. Injini, reli na mitambo vilitoka China. Lakini vibarua walihitaji shilingi na kwacha, na China haikuwa nazo. Njia iliyopatikana ni hii: China ilizipelekea Tanzania na Zambia bidhaa za matumizi kwa mkopo, mashirika ya umma yakaziuza madukani, na fedha zilizopatikana zikalipia gharama za ndani za ujenzi. Mtu aliyenunua kitambaa cha Kichina Dar es Salaam alikuwa anachangia, bila kuambiwa, mshahara wa kibarua aliyekuwa Mlimba.

Ujenzi ulianza Oktoba 1970 na reli ya kilomita 1,860 ikakabidhiwa Julai 1976. Naiona kuwa kazi kubwa, na mkopo wake ulikuwa wa heshima. Lakini mnunuzi hakuwa na uchaguzi mkubwa: bidhaa zilipaswa kununuliwa ili reli isonge, zipendeze au zisipendeze, na huko Zambia baadhi zilikaa rafuni muda mrefu. Mnyamwezi wa mwaka 1860 aliweza kuikataa shanga. Mteja wa duka la umma alichukua kilichopo.

Wakati huo karafuu za Unguja na Pemba zilikuwa na mteja mmoja mkubwa, Indonesia, iliyozitia kwenye sigara zake za kretek. Serikali ilizinunua kwa wakulima kupitia shirika lake, ZSTC, kwa sehemu ndogo ya bei ya dunia, na ikaweka akiba kubwa ya fedha za kigeni. Hata hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1970 vyakula vya kutoka nje vilibanwa, na watu walipanga foleni ya mchele wa mgao katika nchi iliyokuwa inauza karafuu kwa bei nzuri. Mkulima hakuweza kuzila karafuu, wala kuzibadilisha kihalali kwa chochote.

Miaka ya 1980 na baada yake

Indonesia ilipanda mikarafuu yake yenyewe, ikajitosheleza, na bei ikaporomoka. Vita vya Kagera na bei za mafuta vilikwishamaliza akiba ya Muungano. Palipokosekana dola na sabuni, watu walirudia njia ya zamani: karafuu za Pemba zilivushwa usiku hadi Kenya, na vyombo vikarudi na mahitaji ya nyumbani. Serikali iliyaita mabadilishano hayo magendo na ikayaadhibu vikali. Wapemba wengi waliyaona kuwa njia pekee ya kupata bei halali ya jasho lao. Chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, 1984 hadi 1985, Zanzibar ililegeza uagizaji, na maduka ya Darajani yakajaa tena.

Uganda ilijaribu kuifanya mali kwa mali kuwa sera. Serikali ya Yoweri Museveni, tangu 1986, ilitia saini mikataba ya kubadilishana mazao kwa mashine na bidhaa na nchi kadhaa, zikiwemo Kuba na Yugoslavia. Sehemu kubwa haikutekelezwa. Mahindi hayakukusanyika kwa wakati, na ilikuwa vigumu kukubaliana trekta moja ni sawa na magunia mangapi. Sri Lanka nayo, Desemba 2021, ilikubaliana na Iran kulilipa deni la mafuta la dola milioni 251 kwa chai, dola milioni 5 kila mwezi. Hesabu iliandikwa kwa dola, malipo yakawa majani. Tajiri yeyote wa Unguja wa mwaka 1850 angeielewa mara moja.

Kwetu, mfano wa karibu uko Paje na Jambiani. Kilimo cha mwani kilianza huko mwaka 1989, na wengi wa wakulima ni wanawake. Makampuni yaliwapa kamba na vifungio, na mkulima akawajibika kuwauzia mwani wale wale waliompa vifaa, kwa bei waliyoitaja wao. Shilingi hulipwa, lakini uhusiano ni ule ule wa msafara na tajiri: anayekopesha kifaa ndiye anayepanga bei ya zao. Katika karafuu hatua imepigwa. Mwaka 2011 bei ya mkulima ilipandishwa sana, na serikali ikaahidi kumpa asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Wakulima wa mwani nao wanastahili ahadi kama hiyo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na historia hii yote tunaijua kwa sababu kuna walioandika. Hata hivyo tulichosoma hadi sasa kimetoka zaidi kwa mabalozi, wasafiri na makampuni ya Salem na Hamburg. Upande wetu haujasomwa vya kutosha. Ziko nyumba Mji Mkongwe, Mbweni na Pemba ambazo bado zina madaftari ya duka ya Kigujarati, hati za mikopo kwa herufi za Kiarabu, barua za manahodha, risiti za karafuu, hata kitabu cha mgao cha mwaka 1971. Kama unacho chochote cha namna hiyo, usikichome wala usikiachie mchwa. Kipeleke Nyaraka za Taifa pale Kilimani, au angalau waite wakipige picha, na waeleze kilikuwa cha nani na kilitumikaje.